Kiyoyozi cha Jikoni

Mabela, nyumba ya tatu kutoka duka la mikate,
jikoni kwangu kuna kiyoyozi kikuukuu
kinachonguruma kama ngamia aliyenyimwa maji.
Fundi Shaji kaniambia mara mbili: Mama, kitupe.
Nikamjibu, hicho usikiguse.
Sikumweleza sababu.

Sababu ni kwamba nilikuwa naimba chini yake.

Nilikuwa na miaka kumi, mwaka wetu wa pili Maskati,
tumepangwa mistari kwa sherehe ya taifa,
sare zimepigwa pasi mpaka zinakata.
Ustadha Naila akapita ametega sikio,
mstari wa kwanza, wa pili, akasimama kwangu:
"Wewe, Khaula, fungua mdomo tu.
Sauti ibaki ndani."

Nikafungua mdomo tu.
Kwenye arusi za dada zangu, mdomo tu.
Maulidini, wenzangu wakiitikia, mimi mdomo tu,
kama samaki wa soko la Sibu juu ya barafu.
Miaka arobaini na mitatu.
Wanangu niliwalaza kwa kuwapigapiga mgongo,
wakalala, lakini wakalala kimya.

Halafu tukahamia hapa, na hii mashine na kelele zake.
Siku moja nakuna nazi, nasikia koo linawasha,
nikatoa kidogo, nikasikiliza:
hakuna kitu, ngurumo tu.
Kesho yake nikatoa zaidi.
Ulikuwa wimbo wa mama, wa kuchambulia mchele:

*Nimepanda mkunazi, mbele ya mlango wangu,
asiyekula kunazi, ajipumzishe kwangu.*

Mistari miwili tu. Mingine aliondoka nayo.
Miaka mitatu nikaipika na wali,
nikaitia ndimu kavu, nikaivuruga na mchuzi wa papa,
juu, chini, nikiinyoosha pale kwenye *mkunazi*
mpaka mwiko ukasimama hewani kunisubiri.
Kumbe mwili una vyumba!
Nyingine inatoka kifuani, nyingine kisogoni,
nyingine, wallahi, inaanzia kwenye nyayo.

Jumanne ya Agosti, saa saba mchana,
nje lami inalainika kama halua,
nimefika pale juu kabisa, kwenye *wangu*,
tap.
Umeme.
Kiyoyozi kimya, friji kimya, Mabela nzima kimya,
na mimi katikati ya hewa, sina nguo.

Nikaisikia. Mara ya kwanza nikaisikia.
Ina mkwaruzo kidogo,
kama ukoko unapobanduliwa chini ya sufuria.
Nikaziba mdomo kwa kiganja chenye tui.

Ndipo dirisha la jirani likajibu.
Almuhannad, mtoto wa watu wa Rustaki, miaka saba,
Kiswahili hajui hata neno maji:
*asiyekula kunazi, ajibumzishe kwangu!*
Akapandisha pale ninapopandisha.
Na pale ninapokwaruza
akakwaruza,
kwa makusudi, kwa ufundi,
akidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Mama yake akachungulia, mtandio umemshuka begani.
"Umm Harith, mbona umenyamaza?
Tulikuwa hatujalijua jina lako,
wimbo wako tayari tunaujua."

Kwa hiyo ngamia wangu hakuwahi kuficha kitu.
Miaka mitatu nilikuwa uwanjani
nikijiona nimo pangoni.

Umeme ulirudi saa tisa.
Sijawa mwimbaji, msiniitie arusi zenu.
Ile ya Alkhudh nilikwenda, nikakaa nyuma karibu na birika,
wakati wa kuitikia nikaitikia, basi.
Bibi wa mbele akageuka. Magoti yakaniisha nguvu.
Akaniangalia, akasogeza kiti chake
nyuma kidogo.

Siku hizi nikishika mbuzi ya kukunia nazi
nakizima mwenyewe.
Jasho linashuka mpaka kiunoni, dirisha liko wazi,
na mtu mdogo upande wa pili anakohoa,
anasafisha koo, yuko tayari.

Fundi Shaji akija nitamwambia akichukue.
Bado.
Labda Ijumaa.